Jino la Mama Mkwe

Daktari wa meno huwaamrisha watu wazima kama watoto wa chekechea: panua, funga, uma, saga, tema. Huyu wetu alikuwa amewaamrisha mahakimu na wakuu wa polisi, wote wakatii huku machozi yakiwalengalenga. Mtu mmoja tu duniani alimshinda, naye ni mama mkwe wake.

Mama huyo alifika kliniki na gego la kushoto lililopasuka, gego la mwisho alilobakiwa nalo upande ule. Alipoulizwa gego imara namna hii limepasukaje, alisema ni uzee. Daktari akalichonga, akachukua vipimo, na wiki mbili baadaye akaleta kofia ya chuma ya kulivisha. Hii ilikuwa ya pili kumvisha mama. Ya kwanza, ya upande wa kulia, ilikuwa na miaka miwili bila lalamiko hata moja, na daktari alijivunia kazi ile kuliko cheti chake cha chuo.

Sasa, kofia ikishakaa, mgonjwa huumishwa karatasi ya buluu. Huuma, akasaga huku na huku, na palipoinuka panabaki na alama ili pachongwe. Ni kazi ya dakika tano. Lakini hebu wewe mwambie mama mkwe wako, mwanamke ambaye hata chai hanywi akiwa amekukabili, akenue meno na kusaga taya mbele yako kama mbuzi! Daktari alimpa karatasi mara moja tu, akatazama dirishani kwa aibu, akauliza, "Imekaaje, mama?"

"Imekaa vizuri, baba," mama akajibu, kitambaa kikiwa kimeshaziba mdomo.

"Hajasaga huyo," akanong'ona muuguzi, mwanamke wa makamo ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

"Si amesema vizuri?"

"Mdomo una ganzi, daktari. Hata ungemwekea kokoto angesema vizuri."

Daktari alijifanya kiziwi. Akaigandisha kofia kwa gundi, akamsindikiza mama mpaka mlangoni.

Siku ya sita, asubuhi, mkewe alirudi kutoka kumjulia hali mama yake na kusimama mezani bila kuvua viatu. "Mama hali," akasema. "Anakunywa supu na mkate uliolowekwa. Nguo zinampwaya. Na amenikataza nisikwambie."

Daktari akaweka kikombe chini. Alijua vizuri kilichokuwa kikitokea. Kofia ikiinuka hata kwa unene wa unywele, jino hugongwa kila mdomo unapofunga, mchana kutwa. Kiini cha jino huweza kufa ndani kwa ndani, usaha ukajaa, na hapo mara nyingi dawa ni koleo. Gego la mwisho! Tena mashemeji zake walikuwa wamemwonya mapema kwamba mkwe hamtibu mkwe, mama apelekwe kwingine, naye akawajibu kwa kiburi, "Mgeni atamjali kuliko mimi?"

Akapiga simu. "Shikamoo mama. Jino linasemaje?"

"Marahaba. Jino halina neno, baba. Wewe fanya kazi zako." Sauti ilitoka kama ya mtu aliyeficha kaa la moto shavuni.

Kazi gani? Mgonjwa wa kwanza siku hiyo nusura apigwe ganzi upande usiouma. Muuguzi alimdaka daktari kifundo cha mkono, akamvuta pembeni. "Mficha uchi hazai," akamwambia. "Na ninyi wawili mnafichana wote. Mwite leo hii."

Saa nane mchana mama alikuwa kitini, bintiye kando yake. Daktari alimwekea karatasi ya buluu, safari hii bila kutazama dirishani. Mama aliiuma kwa adabu, kama mali ya watu. Doa nene la buluu likatokea juu ya chuma, daktari akalichonga.

"Sasa je?"

"Vizuri, baba."

Akachonga tena. "Na sasa?"

"Vizuri."

Daktari akaitazama karatasi. Karatasi ingeweza kumwonyesha chuma kinapogusa, lakini maumivu anayajua mwenye jino, na mwenye jino alikuwa na neno moja tu. Daktari akaweka mashine chini, akavuta kigoda na kukaa, hata kichwa chake kikawa chini ya kile cha mama mkwe.

"Mama, ningekuwa mwanao wa kumzaa, nikakuharibia jino, ungenifanyaje?"

Mama alimtazama bintiye, akamtazama muuguzi. "Ningekuzaba kofi."

Muuguzi alicheka mpaka vyombo vikagongana kwenye sinia.

"Basi nizabe, mama, lakini usinifiche. Naogopa. Ukiendelea kusema vizuri, gego hili nitaling'oa kwa mikono yangu."

Kitambaa kikashuka polepole. "Linauma," mama akasema, macho chini. "Tangu siku ile. Hata nikimeza mate linauma."

Daktari akachonga. "Sasa?"

"Bado."

Hajapata kuambiwa neno tamu kama lile. "Sasa?"

"Bado. Hapo kwa ndani."

Mara ya nne mama alifunga mdomo, akasaga taya kwa nafasi bila kumwonea haya mtu, akafumbua macho. "Hapo umepapata." Bintiye akafungua mkoba wake, akampa ganda gumu la mkate. Mama akalitafuna mpaka mlio ukasikika chumba kizima, na daktari akaegemea ukuta kwa furaha.

Ila jicho la kazi halilali. Mkate wote ulikuwa kushoto, na kichwa cha mama kimelalia kushoto.

"Mama, mbona huli upande wa kulia?"

Mama akaacha kutafuna. "Kwa kuwa umetaka mwenyewe nisikufiche," akasema, akagusa shavu la kulia. "Hii nayo bado."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliponivisha, baba."

Miaka miwili. Miaka miwili kila tonge lilikwenda kushoto, mpaka gego la kushoto likashindwa na mzigo. Uzee haukuhusika hata kidogo.

Muuguzi akavuta sinia karibu. Alichana karatasi nyingine ya buluu.

"Panua, mama," daktari akasema.

Mama akakunja kitambaa, akampa bintiye amshikie, akapanua.