Mashine Isiyojua Kununa

Kwa miaka kumi na moja mzee Robow hakuwa amesemeshwa na mkewe hata neno moja, na bado angekuapia kwamba hakuna mwanamume katika mtaa mzima wa Wabera aliyeujua moyo wa mke wake kama yeye. Aliusoma kila alfajiri, kwenye ndoo.

Kisa chenyewe kilianza na ngamia. Bi Sahro alikuwa na ngamia jike aliyeachiwa na mamake, akichungwa na jamaa zake upande wa Gotu. Aprili moja Robow alikwenda huko kwenye kikao cha kupatanisha watu, sifa zikampanda kichwani, akasimama na kumtoa ngamia yule awe sadaka ya amani. Watu wakampigia makofi mpaka mikono ikawauma. Aliporudi nyumbani na mkewe akamuuliza kama anayoyasikia ni kweli, akajibu, "Ngamia ni ngamia tu." Maji yakimwagika hayazoleki. Bi Sahro alimtazama kwa muda, akasema, "Basi na mke ni mke tu. Nenda uongee na hao wamekupigia makofi," akaingia jikoni.

Tangu siku hiyo waliishi nyumba moja, wakaozesha mabinti wawili, na kila neno likapitia kwa mtu wa tatu. "Mwambie babako chai iko tayari." "Mwambie mamako nimeshiba." Watoto wakiwa shuleni walimtumia paka. Mgeni aliyeingia ghafla angeweza kumkuta Bi Sahro akimweleza paka, kwa utulivu kabisa, kwamba mzee ameacha miwani yake juu ya friji.

Lakini ndoo haikukoma. Mchana Isiolo maji ya bomba hutoka yakiwa yamekwisha kupikwa na jua, ila alfajiri upepo hushuka kutoka mlimani na mifupa ya mzee aliyeendesha malori miaka thelathini hulia kama mlango. Kwa hiyo Bi Sahro aliamka kabla ya adhana, akawasha jiko la makaa, na kumwekea mumewe maji ya kuoga mlangoni pa bafu. Hakubisha hodi. Aliweka, akaenda zake.

Robow ndiye aliyegundua kwamba maji yale yana maneno. Siku moja yalikuwa ya kuunguza, akakumbuka kwamba jana yake alipiga chafya wakati mkewe anazungumza na dadake kwenye simu. Siku nyingine yalikuwa vuguvugu, akaelewa kwamba amesamehewa kidogo. Mwaka hadi mwaka akaipanua elimu yake. Kulikuwa na maji ya lawama, maji ya dhihaka, maji ya nimekuona, maji ya wageni wako wanaondoka lini. Kwa jumla alihesabu aina tisa. Na kila Aprili, mwezi wa ngamia, maji yalikuwa baridi wiki nzima nzima, naye aliinamisha kichwa na kumtuma mtoto ampelekee mamake leso mpya.

Sheikh wa mtaa aliposikia kwamba wawili hawa hawasemezani, alikuja kuwaonya kuwa hilo halifai. Robow akamwonyesha ndoo ya siku hiyo. Sheikh akatia kidole, akakitoa mbio, akakipuliza. "Haya ni maongezi," akasema, "tena makali." Hakulizungumzia tena.

Mambo ya nyumba hayakai ndani ya nyumba. Msikitini kila mtu yuko pekupeku, na miguu ya Robow ilikuwa mbele ya macho ya safu nzima ya nyuma. Ikiwa myekundu, watu walijua Bi Sahro hafai kuendewa. Aliyetaka kuazima masufuria yake makubwa ya harusi alingoja. Aliyemsubiri zaidi ya wote alikuwa jirani yao Boru, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye kijana wake alimtaka Ikra, binti wa mwisho wa nyumba ile. Boru alikuwa ameapa hatapeleka posa mpaka aione miguu ya Robow ikiwa na rangi yake ya kawaida, na tangu Juni ilikuwa kama nyanya. Sasa ilikuwa Septemba.

Ni katika hali hiyo Abdimajid, kifungua mimba wa nyumba na mwalimu huko Meru, alipofika Jumamosi moja na katoni kwapani, nyuma yake fundi wa umeme aitwaye Lotukoi na begi la vyuma.

"Salaam aleikum, aabo," Abdimajid akamsalimia babake. "Nimewaletea instanti. Ya kuoga. Hii haina tangi, haina jiko. Unafungua maji, inapita ndani yake, inatoka moto hapo hapo."

Robow aliitazama ile katoni jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na godoro lake.

"Nani anapasha?"

"Stima."

"Kila siku?"

"Kila siku ukifungua."

Robow akamgeukia fundi. "Wewe kijana, hii kitu iko na moto ngapi?"

"Tatu, mzee," akasema Lotukoi. "Baridi, vuguvugu, moto. Na hii ni ile ya maji ya chumvi, haiwezi kuharibika haraka."

"Tatu tu?"

"Tatu inatosha watu wote."

"Mimi nimezoea tisa."

Lotukoi alidhani hakusikia vizuri. Robow akasogeza kiti karibu.

"Nikiweka vuguvugu leo, kesho itanipea nini?"

"Vuguvugu."

"Hata kama usiku nimefanya makosa?"

Fundi alimtazama Abdimajid, akaitazama katoni, akamtazama tena mzee. "Mzee, hii haijui kama umekosa. Hii ni mashine."

Robow aliogopa. Tusimfiche, aliogopa vibaya sana, kuliko siku lori lake lilipokata breki kwenye mteremko. Aliona alfajiri baada ya alfajiri ya maji yale yale, yasiyomlaumu wala kumsamehe, na yeye amesimama chini yake kama nguo kwenye kamba, hajui kama mkewe yuko radhi au yuko njiani kurudi kwao. Lakini mzee wa miaka sabini hawezi kumwambia mwanawe mambo kama hayo. Akajitia ukali. Akasema Isiolo ina jua la kutosha, stima na maji ni maadui, na yeye hataki kukutwa amekufa akiwa na sabuni kichwani. Abdimajid akajibu kila hoja kwa upole wa mwalimu aliyezoea wanafunzi wagumu, mpaka mzee akabaki na njia moja tu.

"Hili ni jambo la kikao," akasema.

Baada ya sala ya alasiri wanaume saba walikuwa sebuleni, wameegemea mito, chai ya maziwa ya ngamia mbele yao, na Lotukoi katikati na katoni mapajani kama mshtakiwa aliyekuja na mtoto. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa. Anayesema hivyo hakuwahi kuwaona hawa wakijadili bafu.

Boru alikuwa wa kwanza kupinga, na alilivalia njuga. "Wallahi, mimi sina shida na stima. Lakini mtaa utajua aje hali ya mama? Leo tunaangalia miguu. Kesho miguu ya mzee itakuwa moja tu, Ramadhani mpaka Ramadhani. Mtu ataenda kuomba jambo kubwa kama kipofu!"

"Ni kweli," akasema mwingine. "Mimi mwaka jana niliazima sufuria kwa sababu ya miguu. Nilipewa na vifuniko."

"Kwani hamwezi kumuuliza mama mwenyewe kama amekasirika?" akauliza Abdimajid.

Wakamtazama kwa huruma. Elimu nyingi nayo ina madhara yake.

Walizunguka humo kwa saa nzima. Mmoja alipendekeza mashine ifungwe nyumbani kwa Boru, ijaribiwe huko kwanza. Mwingine akataka iwashwe siku za Ijumaa pekee, kwa kuwa siku hiyo haifai mtu kumnunia mwenzake. Hatimaye sheikh, ambaye kidole chake kilikuwa bado kinakumbuka, akauliza kama swichi ya kuongeza na kupunguza moto ni lazima ikae bafuni.

Lotukoi akafikiri. "Naweza vuta waya mpaka jikoni. Niweke swichi huko. Mzee anaoga hapa, mama anaongeza moto akiwa huko."

Nyuso zikafunguka moja baada ya nyingine. Mama jikoni na mkono kwenye swichi! Hapigi magoti kwenye jiko, na hapotezi hata neno moja la aliyonayo moyoni. Robow alihisi jiwe likishuka kifuani. Aliuliza kama inawezekana kuongeza vituo sita ili vifike tisa, Lotukoi akasema la, lakini mama anaweza kuwasha na kuzima haraka haraka, na hiyo pia itakuwa na maana yake. Wakakubaliana. Mikono ikainuliwa kwa dua.

"Nauliza tu," akasema Lotukoi, ameshatoa penseli na kuchora ukuta wa jikoni juu ya katoni. "Mama anataka swichi iwe juu kiasi gani?"

Mikono ikabaki hewani. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Bi Sahro lolote, na ilikuwa karibu magharibi.

Abdimajid akaenda kumwita. Bi Sahro alikuja polepole, akijishika ukutani, akasimama mlangoni. Aliwasalimia wageni, kisha akamtazama mwanawe.

"Mwambie babako hii mashine ni mimi nilikutuma."

"Aabo, ni yeye alinituma," akasema Abdimajid.

"Mwambie magoti yangu imeisha. Mwambie kila siku naamka saa kumi, napuliza makaa, nabeba ndoo. Nimechoka."

Hilo halikuhitaji mkalimani. "Muulize," Robow akamwambia mwanawe, "kama tukitoa ndoo, yale maneno yake ataweka wapi?"

"Maneno gani?" akauliza Bi Sahro, na kwa mara ya kwanza alionekana kutatizika. "Mwambie sielewi."

Ikabidi sheikh aeleze, kwa sauti ya mtu anayesoma wasia. Akaeleza aina tisa, chafya, baridi ya Aprili. Bi Sahro alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni makaa," akasema.

"Makaa?"

"Kiangazi makaa inakauka, maji inachemka sana. Mvua ya Aprili ikikuja makaa inalowa, haishiki moto. Mimi ningefanya nini? Napeleka vile iko." Akamgeukia mwanawe. "Hizo leso za kila Aprili zilikuwa za hiyo? Mimi nilidhani kuna duka inafunga, inauza bei ya kutupa."

"Kwa hivyo, mama," akasema Boru, akijisogeza mbele, "tangu Juni hujakasirika?"

"Nikasirikie nani?"

Boru alijipiga paji la uso. Miezi mitatu kijana wake amekonda, na wa kulaumiwa ni muuza makaa.

Wengine walianza kucheka, kisha wakamwona Robow, wakaacha. Mzee alikuwa ameketi na mikono juu ya magoti, akiitazama miguu yake. Alijiona mjinga, ndiyo, lakini ujinga angeuvumilia, wanaume wengi wameishi nao mpaka uzeeni. Lililomuumiza ni kwamba miaka kumi na moja alikuwa akijibiwa na gunia la makaa. Alikuwa ameomba msamaha na kusamehewa, ametaniwa na kutania, amelala na furaha na kuamka na hofu, na muda wote huo kumbe alikuwa peke yake bafuni, mzee mmoja uchi na ndoo.

Alikaa hivyo mpaka chai za watu zikapoa. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Abdimajid. Muulize mamako. Ile siku tulirudi kutoka kuzika ndugu yangu Abdikarim. Maji ya siku ile. Hiyo pia ilikuwa makaa?"

Abdimajid alifungua kinywa kuuliza, lakini mamake alikuwa amesikia. Bi Sahro aliutazama mlango wa jikoni, akautazama mto wa karibu, akainyoosha foronya ambayo haikuwa na mkunjo wowote.

"Hiyo siku," akasema, na hakumtazama mwanawe, "nilimwaga mara mbili. Ya kwanza ilikuwa moto sana. Ya pili ikapoa nikitafuta sabuni. Ya tatu nilipima na mkono wangu, mpaka ikawa sawa."

Hakusema *mwambie*. Kila mtu sebuleni alilingoja neno hilo, halikuja.

Robow aliinua uso.

"Sasa mzee," akauliza Lotukoi taratibu, penseli mkononi, "mashine nifunge ama nisifunge?"

"Funga."

"Na swichi? Jikoni ama bafuni?"

"Abdimajid," akaanza Robow, "muulize mama—" Akanyamaza. Akaweka kikombe chini, akajikohoza, na alipoita, sauti ilitoka nyembamba, kama ya kijana anayekwenda kuposa.

"Sahro. Wewe unataka iwe wapi?"

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu, machoni, mbele ya wanaume saba.

"Weka huko kwako bafuni," akamwambia. "Mimi kesho nataka kulala."