Kadodi ya Kompyuta

Mwaka huo wa tisini na nane, Nambozo alikuwa amekataa kazi ya magereza mara kibao, lakini mama yake, Sajini Nabifo, hakuwa mtu wa kukataliwa. Askari jela mzima, ametuliza wababe wa Jinja, leo ashindwe na binti yake? Thubutu! Usajili ulikuwa Jumatatu.

"Eti muziki wa kompyuta!" alifoka. "Haya, tunga kadodi, ngoma ya kwetu Mbale, nitakayoicheza, na magereza sitayataja tena. Nisipoicheza, Jumatatu unavaa sare."

Nambozo akahamia dukani kwa Siraje, mchapaji wa kadi za harusi pale Nalufenya, aliyemwachia kompyuta yake bila maneno mengi. Nambozo mwenyewe alikuwa na kinanda kifupi ambacho chenyewe ni bubu; bila waya wa kompyuta, bonyeza mpaka uchoke. Kikiunganishwa, kibonyezo hiki kinalia ngoma, kile njuga, na ngozi yenyewe huioni. Alipiga ngoma moja moja, akazipanga. Programu ilikuwa na uwezo wa kunyoosha mapigo: lililochelewa linavutwa, lililowahi linarudishwa. Akanyoosha yote, akayarekodi kwenye kanda, akafurahi kweli.

Jumamosi mama na binti wakaenda Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, kwa mjomba Gidudu, kiongozi wa wapiga kadodi. Kanda ikawekwa kwenye redio. Watu wakasikiliza wamekunja nyuso. Halafu mpiga ngoma mmoja akasimama wima, akaanza gwaride: "Kushoto! Kulia! Afande, saluti!" Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Nabifo hakucheka, wala hakucheza.

Aibu ilimchoma Nambozo mpaka masikioni, lakini kulia hakulia. Alimfuata Gidudu. "Mjomba, nipigieni tena, niwatazame."

Wakapiga. Akatazama mikono, kisha miguu. Kumbe hakuna aliyepiga amekaa! Walitembea na ngoma zao, na mguu ndio uliouchelewesha mkono.

Jumapili, kwa Siraje, alisukuma kiti huko. Alipiga amesimama, anakanyaga sakafu, kiuno kinakwenda, na mapigo hakuyanyoosha hata moja. Alirudia kila ngoma mpaka vidole vikamuuma, kisha akamwita mama yake.

Nabifo alisikiliza kutoka mlangoni, mikono kaikunja kifuani. Wimbo ukaisha. Hakucheza.

"Ngoma ndogo inadanganya," Nabifo akasema.

"Wapi, Mama?"

"Unaniuliza wapi! Rudisha."

Wimbo ulipofika katikati, Nabifo akaingia, akampiga binti yake kikumbo, akabonyeza kinanda kwa kidole kimoja, kisha viwili. Miguu ikaanza kwenda. Mabega yakafuata. Kofia ya kazi ikaanguka, asiiokote.

"Mama," Nambozo akasema, "na Jumatatu?"

"Jumatatu nini? Usinipoteze, naingia tena hapa. Wewe rekodi!"