Hadi Mkononi

Maneno "hadi mkononi" sikuyatunga mimi. Yaliandikwa na Lynn mwenyewe, fundi wa nguo wa Kimbo, kule Ruiru, kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, chini ya picha ya bibi harusi anayecheka: "Tunashona, tunatuma, hadi mkononi." Nikauangalia mkono wangu, mkono uliopakia biskuti kwenye kiwanda cha Thika tangu ujana, nikauambia haya, na wewe siku moja upokee kitu.

Wacha niwaambie kwanza gauni lilikuwa la nini. Mimi na Baba Kyalo tumekaa pamoja zaidi ya miaka ishirini bila harusi ya kanisa. Alipeleka kwetu mbuzi wa ntheo, wale wa kuoa kimila, wazee wakala, wakabariki, na kwa Wakamba hapo mambo yamekwisha, mimi ni bibi yake. Lakini kanisa letu hapa Theta halitambui mbuzi. Siku ya Meza ya Bwana wenye cheti cha ndoa huenda mbele, na sisi wengine tunabaki kwenye viti tukijifanya tunatafuta wimbo kitabuni. Miaka yote hiyo! Nimepika chai ya kanisa, nimeosha vikombe vya hiyo hiyo Meza, na sijawahi kuonja.

Kwa hivyo Mchungaji Maina alipotangaza harusi ya pamoja, kwamba wote tulio hivyo tufungishwe ndoa Jumamosi moja, nilisimama kabla hajamaliza. Baba Kyalo nilimvuta kwa koti.

Wifi yangu Beth, dada ya Baba Kyalo, alikuja jioni hiyo hiyo kunishauri. Beth hushauri watu kama vile analipwa.

"Akina mama wengine watavaa vitenge," akasema. "Nyeupe ni ya wasichana, Mama Kyalo. Wewe una mjukuu."

"Mjukuu wangu atanishikia veli," nikamwambia. "Kunywa chai."

Shida ilikuwa mwili. Mimi nimejaa, namshukuru Mungu. Gauni za kukodisha za Thika nilizijaribu zote, na moja ilinikwama mabegani mpaka nikavutwa na watu wawili. Ndiyo nikamtafuta Lynn. Nikapimwa na jirani, nikatuma vipimo kwa simu, nikachagua lesi ya maua madogo na mikono mirefu. Akaniuliza nataka mzigo utumwe vipi.

"Kuna ya kawaida, inapanda tu gari," akasema. "Na kuna ya kufuatiliwa. Unapewa namba, unaona mzigo uko wapi mpaka ufike, na hautolewi bila kitambulisho. Hiyo unaongeza kidogo."

Nikaongeza. Nikamtumia na picha ya kitambulisho, jina langu lote likiwa pale: Beatrice Mbula Mutua. Gauni hilo halikuwa la kubahatisha.

Jumatatu ya wiki ya harusi akaandika kwamba mzigo umetoka. Nikauliza, namba ya kufuatilia je? Akasema nakutumia sasa hivi, mama. Hiyo sasa hivi yake bado naingoja.

Kesho yake nikitoka kazini nilipita ofisi ya mizigo. Nyuma ya kaunta alikuwa Gerishon, mwanamume wa miwani, mpole, mtu wa kufikiria kabla ya kujibu.

"Mzigo wa Mama Kyalo kutoka Ruiru," nikasema.

"Ulichukuliwa asubuhi."

"Na nani?"

"Na Mama Kyalo."

"Mama Kyalo ni mimi!"

"Hata yeye alisema hivyo," Gerishon akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Mama, mzigo uliandikwa hivyo tu. Mama Kyalo, Thika. Hakuna simu, hakuna jina lingine. Nitaitisha kitambulisho gani? Serikali haijawahi kuandikia mtu kitambulisho cha Mama Nani."

Nikashika kaunta. Hapa kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini. Kazini mimi ni Mama Kyalo, kanisani Mama Kyalo, hata bwanangu ananiita hivyo. Ukiita Mama Kyalo pale sokoni Thika, akina mama wanne watageuka na wote watakuwa sawa. Lynn alikuwa na jina langu lote kwenye simu yake, na bado akaandika lile analoniita kwa mdomo.

"Lakini si hii ni ile ya kufuatiliwa?" nikauliza.

"Hii?" Gerishon akavua miwani. "Hii ilikuja chini ya kiti cha dereva."

Hapo ndipo damu ilipanda. Yaani nililipia barabara moja, nikapelekwa na nyingine! Nikampigia Lynn nikiwa bado nimesimama pale.

"Aki pole, Mathe," akasema, akiniita mama kivijana. "Lakini mzigo ukishatoka dukani si wangu tena. Hiyo ndiyo policy. Ongea na watu wa gari."

"Mimi sijui watu wa gari. Nakujua wewe."

Akakata. Nikaandika ujumbe, nikaona tiki zimegeuka buluu, kimya. Nikaandika mwingine, picha yake ikapotea kwenye simu yangu. Alikuwa amenifungia! Mimi, mtu mzima, nimefungiwa kama wale wa kutongoza!

Nyumbani Beth alikuwa ameshafika. Sijui habari mbaya humfikia kwa njia gani. "Labda ni Mungu anasema," akaniambia, "uvae kitenge kama wenzako."

"Mungu akitaka kuniambia kitu ana namba yangu," nikasema.

Baba Kyalo ni mtu wa amani. Alivuta kiti karibu. "Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Kyalo. Wacha tu. Hasira ni hasara."

"Hasara nimeshapata, Baba Kyalo. Sasa hasira itanifanya nini?"

Lakini usiku huo nililia, sitaficha. Nililia juu ya lile gauni ambalo sijawahi hata kuligusa, nikimwona mwanamke mwingine akilitoa kwenye mfuko wake. Halafu nikamaliza kulia.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini, nikaenda Kimbo.

Duka la Lynn liko ghorofani, juu ya mwenye kuuza simiti. Nilimkuta msichana mwembamba, utepe wa kupimia shingoni, kucha ndefu za rangi, anaongea na simu iliyosimamishwa kwenye mti wake wa chuma. Alikuwa laivu mtandaoni, anauza. "Karibuni wapendwa, size zote tunashona, tunatuma popote, hadi mkononi..."

Nikaingia, nikavuta kiti, nikaketi nyuma yake. Nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya magoti, mitupu.

Akaniona kwenye simu yake kabla ya kugeuka. "Mama, samahani, niko laivu. Ukae hapo nje kidogo."

"Niko sawa hapa. Mimi ni Mama Kyalo."

Akajaribu kuendelea na gauni la buluu, lakini watu walioko kwenye simu ni watu wa Kenya, udaku wanaunusa. Wakaanza kuandika. Huyo mama ni nani? Mbona amekaa hivyo? Lynn akasoma, akajisahau, akasoma kwa sauti.

"Waambie," nikasema. "Ama niwaambie mimi."

Akanyoosha mkono kuzima. Nikamwambia polepole, "Zima. Mimi nitabaki. Nina chakula kwa mfuko, na leo nina siku nzima. Kila atakayepanda hizo ngazi nitamwonyesha mkono wangu nimuulize kama anaona gauni."

Akazima. Akageuka akiwa na machozi ya hasira. "Mathe, unaniharibia biashara! Mimi sikuiba kitu. Hao wa gari ndio walipeana. Kila seller anafanya hivyo, uliza mtu yeyote hapa Kimbo!"

"Kila seller alinidai pesa ya namba?"

Akainamia kucha zake.

"Namba ilikuwa wapi, Lynn? Nitajie tu, nifurahi. Nilikulipa mzigo ufuatiliwe, ukautupa chini ya kiti ukabaki na tofauti. Nilikutumia jina langu lote, ukaandika jina la mtoto wangu. Mimi sikununua na gari, wala sikununua na Gerishon. Nilinunua na wewe. Kama mzigo haujafika mkononi mwangu, basi bado uko mkononi mwako, hata kama huuoni."

Alikaa chini kwenye mashine yake. Alionekana mdogo, karibu rika la Kyalo wangu, na nilikaribia kumhurumia. Nikajikaza.

"Sawa," akasema. "Nitakurudishia pesa. Zote, na ya kutuma."

"Sitaki pesa."

"Sasa unataka nini?"

"Jumamosi naolewa," nikasema, na sauti ikanisaliti, ikavunjika katikati. "Nimengoja zaidi ya miaka ishirini kwenda mbele ya lile kanisa. Pesa sitaivaa. Ulisema gauni, hadi mkononi. Mimi nataka gauni."

Akaniangalia. Akaangalia ukutani ambapo lesi ya maua madogo ilikuwa imebaki roli nusu. "Ni Alhamisi, mama."

"Najua siku. Niko hapa, nipime. Safari hii usiulize jirani."

Alinipima. Mwanzoni alinizungusha kwa hasira, akinivuta huku na huku, lakini fundi ni fundi. Alipofika mabegani akatulia, akapima mara ya pili, akasema kumbe jirani yako alikuibia inchi hapa. Hata lile la kwanza lingenibana! Nikacheka bila kupenda. Akacheka na yeye, kidogo, kisha akakumbuka ananichukia akaacha.

"Nitalituma Ijumaa jioni," akasema nikiondoka.

"Hutatuma. Utaleta."

"Theta? Na hii mvua?"

"Uliandika tunatuma popote."

Ijumaa ilinyesha mchana kutwa. Jumamosi asubuhi barabara yetu ilikuwa uji mweusi, pikipiki hazipiti. Beth alinipigia pasi kitenge bila kuulizwa, akakitandika kitandani, akakaa kando yake kama askari. Baba Kyalo alikuwa tayari kwa suti, ananitazama. Mimi nilikuwa na petikoti na nywele zimesukwa, nimekaa. Nikasema sitagusa kitenge, na kama ni petikoti nitaenda na petikoti, Mchungaji aeleze.

Mlango ukagongwa. Beth akafungua.

Alikuwa Lynn, tope mpaka magotini, viatu mkononi, na juu ya kichwa amebeba mfuko mkubwa uliofungwa na nailoni mara nyingi. Alikuwa anahema. Boda ilimwacha lami, akatembea mpaka kwetu. Beth akanyoosha mikono ampokee, Lynn akaurudisha mfuko nyuma.

"Hapana, auntie. Nampa mwenyewe." Akanitafuta kwa macho. "Kitambulisho, tafadhali."

Wee! Nilicheka mpaka petikoti ikatikisika. Nikatoa kitambulisho kwenye Biblia nikampa. Akakisoma polepole, Beatrice, Mbula, Mutua, akainua uso akalinganisha na picha, ndipo akauweka mfuko mikononi mwangu. Ulikuwa mzito, na ndani mlikuwa mkavu kabisa.

Gauni lilinikaa, jamani. Lynn mwenyewe alinifunga vifungo vya mgongoni na tope lake. Yule Mama Kyalo mwingine sijamjua mpaka leo, na kama alilivaa lile langu, lilimkaa kama hema. Beth alinizunguka akitafuta kasoro, akakosa, akaenda kuchukua kitenge akakikunja.

Kanisani tulipangwa mstari, wazee kwa wazee, vitenge vya kila rangi na mimi mweupe katikati. Mchungaji Maina alipofika kwetu akatabasamu. "Je, wewe Mama Kyalo, unamkubali..."

"Mchungaji, simama kidogo," nikasema. Watu wakashtuka. Baba Kyalo akafunga macho. "Akina Mama Kyalo ni wengi, na mimi juzi nimepotea kwa jina hilo. Niite la kwangu."

Mchungaji akamgeukia bwanangu kana kwamba anaomba msaada. Na huyo mtu wa amani, ambaye sikuwa nimesikia jina langu kinywani mwake tangu mtoto azaliwe, akakohoa, akasema kwa sauti ya kanisa zima kusikia, "Ni Mbula. Huyu anaitwa Mbula."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Sikufungua kitabu cha nyimbo. Nilisimama na wa kwanza, nikaenda mbele na gauni langu lile lile, maana nani angenizuia, nikanyoosha mkono. Mchungaji akasema, "Mbula," akaweka mkate. Nikaufunga mkono, nikashukuru, nikala.