Magogo Manne ya Juu

Bwana Kipimo alikuwa na reli ndani ya nyumba. Sisemi hivi kwa ulevi. Chumba ambacho watu wenye akili wangeweka kitanda cha wageni, kule kilimani Gangilonga, yeye alikijaza meza, na juu ya meza alitandaza reli na treni ya kuchezea, ya kujazwa kwa ufunguo kama saa. Mzungu mzima, mvi hadi masikioni, aliinama na kaptula yake akipiga honi kwa mdomo. Nilipomsimulia mke wangu Rozalia, aliacha kuchekecha unga.

"Na hao ndio wanaotutawala?" aliuliza.

Mimi Tadeo ni seremala. Mwaka huo wa 1956 Bwana aliniita nimtengenezee mizigo ya mabehewa yake, yale yasiyo na kuta. Mizigo aliyoagiza Ulaya ilimchukiza, kwa kuwa ilikuwa vipande vya mbao vilivyobandikwa gundi. "Mimi nataka mzigo ya kweli," alisema. "Kama kule relini."

Kule relini nilikujua vizuri kuliko alivyodhani. Nilimtambua siku ya kwanza. Yeye hakunitambua, maana nani huangalia uso wa kuli? Mwaka 1949 alikuwa mkaguzi wa mizigo, nami nilikuwa mfunga minyororo pamoja na shemeji yangu Kasian, kaka yake Rozalia. Siku hiyo tulipakia magogo ya mninga hadi usawa wa nguzo za pembeni. Bwana akatazama, akasema, "Ongeza manne." Nikamwambia yatapita nguzo. Akasema ongeza manne. Behewa lilipoanza kuvutwa, kwenye kona ya kwanza tu, magogo ya juu yalishuka yakamsaga Kasian mguu. Bwana akaandika kwamba Tadeo hakukaza mnyororo. Mimi nikafukuzwa, Kasian akakatwa mguu, na ile karatasi ikaaminiwa na kila mtu.

Kasian aliiamini kuliko wote. Kwake yeye, mnyororo uliokazwa sawasawa hushika chochote; kama uliachia, basi mkazaji alikuwa mzembe. Na mkazaji ni mimi.

Kwetu anayekukaribisha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, huonja kwanza, ujue hakukutilia sumu. Miaka saba Kasian alikuwa akija kumwona dada yake, na kila mara nilimkaribisha. Nilionja, nikampa. Alipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, halafu akaumwaga chini taratibu, akinitazama. Mbuzi wangu walishaelewa. Wakiona gongo lake la kutembelea njiani walijipanga mlangoni wapate kulamba, na jioni walikuwa wakigongana na miti.

Rozalia alicheka, lakini mimi iliniuma. Yule mtu nililala naye mkeka mmoja kule relini miaka mitano, na alinipa dada yake. Basi nilikwenda hadi kijijini kwake Idodi kumfuata.

"Kamwene, shemeji," nilisema. "Kuna kazi. Nataka ufunge mnyororo kwa mkono wako."

Nikamweleza habari ya reli ya mezani, na mwenyewe ni nani. Alidhani nimerukwa na akili.

"Magogo yale yale, kwa kipimo," nikasema. "Na manne ya juu. Mnyororo wako ukishika, Jumapili nasimama kanisani nakiri mbele ya watu wote kwamba mguu wako niliukata mimi."

"Utakiri kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akachukua gongo lake.

Magogo niliyachonga kwa mninga wenyewe, unene wa kidole, na magome yake. Gundi sikutia hata tone. Mnyororo ulikuwa wa saa ya mfukoni ya Bwana. Kwa Bwana nilimwita Kasian msaidizi wangu; alikuwa akisuka vikapu tangu apoteze mguu, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Nilipanga magogo hadi usawa wa nguzo, na manne yaliyobaki nikayaacha mfukoni mwangu, nikitafuta namna ya kuyaingiza bila Bwana kukataa. Nilisumbuka bure. Bwana Kipimo alikuja na rula yake, akainama, akapima, akafinya jicho moja.

"Ongeza manne," alisema.

Kasian alinigeukia. Sikumtazama. Nilitoa magogo mfukoni, nikayapandisha juu ya nguzo.

"Yatapita nguzo, Bwana," nilisema, kama nilivyosema zamani.

"Ongeza manne!"

Kasian akakaza mnyororo. Alikaza kwa koleo, akakaza tena, jasho likamtoka puani, akauvuta kwa ukucha, ukalia kama uzi wa zeze. Niliiona Jumapili inakuja, na mimi nimesimama mbele ya padri.

Bwana akajaza ufunguo, akapiga honi yake ya mdomo. Treni ikaondoka. Ikapita kituo, ikapita daraja, ikaingia kona. Magogo manne ya juu yakateleza chini ya mnyororo, yakaanguka mezani moja moja, na behewa likalala ubavu. Mnyororo ulikuwa bado umekaza pale pale, umeyabana ya chini.

Bwana aliwaka uso hadi shingoni.

"Nani nafunga hii mnyororo?"

"Ni mimi, Bwana," Kasian akasema, akiegemea gongo. "Safari hii ni mimi."

Bwana hakuuliza safari ile nyingine ilikuwa ya nani. Alitoa kidaftari chake, akaandika. Kasian hakujua Kizungu, akaninong'oneza, "Anaandika nini?"

Nilichungulia. "Anaandika kwamba mnyororo haukukazwa."

Kasian alianza kucheka. Alicheka hadi gongo likamponyoka, nikamdaka. Tukafukuzwa wote wawili, na tulishuka kilima cha Gangilonga tumeshikana, miguu mitatu kwa watu wawili.

Nyumbani Rozalia alileta ulanzi. Nilionja, nikampa. Mbuzi walijipanga mlangoni. Kasian alishika kikombe kwa mikono miwili, akawatazama mbuzi. Kisha akanywa, hakupumzika hadi kikombe kikakauka. Mimi nililia bila haya yoyote.

Alifuta midomo, akanisogezea kikombe kitupu.

"Ongeza manne," alisema.