Majani Juu ya Jina

Fundi bomba aliomba siku tatu mfululizo shangazi yake asije, na siku ya nne shangazi akapiga simu kusema amekwisha kata tiketi. Angeingia Jumamosi, akae mwezi mzima akitibiwa macho. Basi Alhamisi fundi hakwenda kazini. Alikwenda kwa mchoraji wa tatuu, mwanamke mwenye chumba kidogo juu ya duka la viatu, akapandisha mkono wa shati.

Jina lilikuwa palepale chini ya kiwiko, herufi sita, wino umeshageuka kijani.

"Nataka njiwa," alisema.

Mchoraji aliuvuta mkono kwenye taa. "Njiwa hafuniki kitu, kaka yangu. Wino wa zamani hauondoki, unabaki chini. Kwa hiyo wa juu lazima uwe mweusi kuushinda, na mchoro uwe mkubwa mara tatu. Ungesema kunguru, tungeelewana."

"Kunguru simtaki."

"Basi majani. Mapana, mpaka karibu na kifundo cha mkono."

Akakubali. Mchoraji alinyoa vinyweleo, akapaka spiriti, akabandika karatasi yenye mchoro. Alipoibandua, mistari ya zambarau ikabaki kwenye ngozi. Mashine ikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya kopo.

"Haya, nani huyu tunayemzika?"

Labda ni maumivu, labda ni kujua kwamba hatamwona tena mwanamke huyu. Fundi alijikuta anamwaga yote. Lilikuwa jina la msichana aliyempenda kabla hajaoa. Mkewe, enzi za uchumba, alipoliona aliuliza ni la nani, naye ulimi ukateleza: la mama yangu, marehemu. Mama alikuwa amefariki kweli. Jina ndilo halikuwa lake. Mchumba akatokwa na machozi, akasema mwanamume anayempenda mama yake hivyo hawezi kumtupa mke. Walipopata binti, mke akiwa bado kitandani hospitali, alisema kwa furaha kwamba jina wanalo tayari, liko mkononi mwa baba yake.

Mashine ikanyamaza. "Ukampa?"

"Ningesemaje?"

"Na shangazi ndiye anayejua mama aliitwaje."

"Kwetu amebaki yeye tu. Anaishi mbali, kwenye simu humwita mtoto mjukuu, basi."

Mchoraji alichovya sindano kwenye wino. "Haya, mimi nafunika mkono. Na mtoto je, naye utamchora majani?"

Fundi aliyatazama majani. Mkono ndio aliouona kila alipoosha uso, ndio aliouona kila alipokunjua viganja kusali, hata akadhani kosa lake linaishi hapo peke yake.

"Niishie hapa?" mchoraji aliuliza.

"Umefunika herufi ngapi?"

"Nne."

"Malizia."

Alifika nyumbani mchana, mkono umeviringishiwa nailoni. Mkewe alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule. Aliona nailoni, akaona weusi wa majani chini yake, mguu ukasimama.

"Umemfuta mama?"

Jibu alikuwa nalo. Alilipanga njia nzima: wino umechakaa, ngozi inawasha, daktari ameshauri. Lilikuwa jibu zuri. Alifungua mdomo kulitoa, na moyoni akajiuliza, Mungu wangu, nikishasema hili, usiku nitapiga magoti kwa uso gani? Akavuta kigoda, akasema ukweli mpaka mwisho.

Mkewe alisikiliza huku akichomoa uzi kwenye sindano, taratibu, kama kazi ya siku hiyo imekwisha.

"Huyo msichana yuko hai?"

"Sijui. Sijamwona tangu kabla yako."

"Mimi namwona. Namwogesha. Namsuka nywele." Hakupaza sauti. "Mtaa mzima unaniita mama wa jina hilo. Muuza maji, mwalimu, hata mama yangu mzazi. Miaka saba naitika."

"Nisamehe, mke wangu."

"Usiniharakishe." Alikunja sare aliyokuwa akiishona, akaikunjua, akaikunja tena. "Mama yako aliitwa nani hasa?"

Akamtajia. Mkewe alilirudia kwa midomo tu, kama anayeonja dawa.

"Shangazi utamwambia mwenyewe, mbele yangu. Mtoto... hilo la mtoto sijui."

Mara binti akaingia na begi lake, akanywa maji, akatupa begi, akachomoka tena kwenda kucheza, viatu vya shule vikiwa bado miguuni. Mama yake alimfuata mpaka mlangoni. Alishika mwimo, akafungua mdomo kumwita kwa jina. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Mwanangu," aliita mwishowe. "Mwanangu, rudi uvue viatu."

Uani palikuwa na watoto watano. Mtoto hakugeuka. Hakuwa amezoea kuitwa hivyo.