Arobaini na Moja Kwenye Kochi

Nimesoma mita za maji miaka thelathini na mmoja. Mimi sidanganyiki kirahisi. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia kwa mara ya sita, "Baba, mtandao wako mbovu, tuongee wiki ijayo," nikaita fundi aje aupime. Tangu mama yake afariki, humu ndani haniiti baba mtu mwingine ila yeye, kwa simu ya picha, kila Jumapili. Zamani tuliongea saa nzima. Siku hizi hata dakika nne hazifiki.

Fundi alikuwa binti mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Porojo sitaki, nataka namba."

"Namba utazipata," akacheka.

Akachomeka waya kwenye kisanduku cha intaneti. "Unalipia kasi ya megabiti hamsini, unapata arobaini na nane." Akachomoa waya, akapima jikoni: thelathini na tisa. Akarusha faili kubwa kutoka kompyuta yangu ya mezani kwenda laptopu yake, mimi nimeshika saa. Likafika kabla sijakaa sawa. Mwisho akakaa kwenye kochi, pale pale ninapoongelea na mwanangu. Arobaini na moja.

"Simu ya picha inakula ngapi?"

"Nne, zikizidi sana tano. Mzee, hata mkipiga ukoo mzima humu, hamkwami."

Ukoo gani? Nikakasirika bure. "Pima tena!"

Akapima. Arobaini na mbili.

"Binti yangu, hebu angalia vizuri. Hakuna ubovu wowote? Hata kidogo?"

Akanitazama, kisha akafunga mkoba wake taratibu. "Labda tatizo liko upande wa huyo unayeongea naye, mzee."

Hilo nilikuwa nalijua, na liliniuma mpaka nikasahau kumkaribisha hata maji.

Jumapili simu ikaita. Picha safi kabisa. Nilihesabu mvi tatu kidevuni mwake. Nikaanza kumsimulia habari za goti langu, naye anachungulia kitu pembeni. Sijafika mbali, akadakia:

"Baba? Baba, unanisikia? Umeganda tena."

Nilikuwa nimeinua mkono nimwonyeshe jinsi goti lilivyovimba. Nikaona macho yake yanaufuata ule mkono.

Jamani, mtoto ni wako, utamuumbuaje? Nikauacha mkono hapo hapo hewani, mdomo wazi, sipepesi jicho, mpaka akakata simu mwenyewe.