Sifuri ya Sisimizi

Asubuhi ile mwalimu wa sayansi aliwaka hasira hivi kwamba walimu wenzake mpaka leo wanaapa chai aliyoishika ilianza kutokota upya kikombeni.

Chanzo kilikuwa ukutani. Jana yake wanafunzi wa darasa la nne walipanga foleni mbele ya hadubini moja, kila mmoja achungulie tone la maji ya chombo cha maua, achore alichokiona, kisha akieleze kwa Kispania. Shule ilijivunia hilo: hesabu kwa Kispania, sayansi kwa Kispania, hata ruhusa ya kwenda chooni kwa Kispania. Kengele ilipolia, mkuu wa shule aliikusanya michoro mwenyewe, akaisahihisha mwenyewe, akaibandika nje ya darasa ili wageni waliotarajiwa kesho yake waione.

Mwalimu aliitazama. Picha ya kwanza: duara lenye mistari myeusi iliyopinda kama meno ya kitana. Ya pili, kitana. Ya tatu, kitana. Ukuta mzima vitana vitupu, na chini yake sentensi safi za Kispania: kiumbe huyu ana miguu mingi, hujifungua na kujifunga. Kumi juu ya kumi, wote.

Alijua papo hapo. Mgeni wa hadubini hugandamiza jicho kwenye lenzi, akaona kope zake mwenyewe. Wa kwanza alikosea, waliomfuata wakaogopa kuona tofauti.

Hilo angelicheka. Kilichomchoma ni mchoro mmoja uliobaki ofisini kwa mkuu, wa binti mdogo ambaye wenzake walimbandika jina la Sisimizi. Kidudu chenye umbo la kengele, juu ya uzi mrefu, na maneno: "Ukigonga meza anajikunja kama springi." Kwa Kiswahili. Sifuri. Na kwa kanuni ya mkuu, mwenye sifuri anaondolewa mara moja darasa la Kispania, anapelekwa lile la kawaida. Mwalimu alipoingia ofisini, Sisimizi alikuwa tayari kasimama, begi mgongoni, macho kwenye viatu.

"Mkuu, huyu ndiye pekee aliyeona kitu."

"Ameona kwa lugha gani?"

"Kwa jicho."

"Mwalimu wangu, usinifanyie mzaha. Wazazi wanataka Kispania. Wadudu hata kwao wapo."

"Na wale wa ukutani ni wadudu gani?"

"Wazuri tu. Wana miguu."

"Ni kope, mkuu. Umezipa kope kumi juu ya kumi."

Mkuu alipepesa macho. "Wageni watajuaje? Sentensi zimenyooka. Binti anahama, yamekwisha."

Mwalimu alimgeukia mtoto. "Mwanangu, ulichunguliaje?"

"Nilirudisha kichwa nyuma kidogo, mwalimu. Vile vinywele vikaondoka."

"Mbona hukuandika Kispania?"

"Neno la kujikunja silijui. Ningelitafuta, kidudu kingenipotea."

Mwalimu alichukua kalamu nene mezani kwa mkuu, akatoka, na juu ya kila kitana akaandika kwa herufi za kusomeka toka getini: PESTAÑAS.

Mkuu alimfuata mbio. "Unafanya nini wewe?"

"Naweka jina la kitu. Kope, kwa Kispania. Si ndicho unachotaka?"

"Futa."

"Wino huu haufutiki."

"Basi nabandua."

"Bandua. Uwaonyeshe wageni gundi."

Getini milango ya magari ilikuwa inafungwa. Mkuu alizitazama kope zake, akatazama geti, jasho likamtafuta shingoni. Katika shule nzima ulibaki mchoro mmoja tu usio na aibu.

"Abaki," alisema, kama anayeng'olewa jino. "Mchoro wake ulete hapa."

"Na ile sifuri?"

"Nitaifikiria."

"Ifikirie sasa hivi, mkuu. Wageni wanapanda ngazi."

Sisimizi aliuleta mchoro mbio, mkuu akaikata. Mwalimu hakumshukuru, hasira yake ilikuwa bado ya moto. Alimpa Sisimizi gundi.

"Bandika mwenyewe, mwanangu. Katikati. Halafu kawaite wenzako waje wachungulie upya."